Maneno Yaliyokuwa ya Buluu

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Huku Dada hajambo, ingawa zamu za wodini zinamkondesha. Mama naye hajambo, kwa maana ya kwamba anakula na analala. Waambie watoto shangazi yao anawasalimu sana, na zile kofia walizomwomba bibi yao hazijasahauliwa. Hazijashonwa kwa sababu fundi ameacha kazi, na hilo ndilo lililoniketisha hapa kukuandikia. Mimi mwilini sina tatizo. Moyoni nimejaa hadi pomoni, na ile shikamoo hapo juu nimekupa kwa sababu ya malezi tu.

Bila shaka umeona kwamba barua imekuja kwa maandishi matupu. Haina rangi, haina herufi nene, haina herufi za mlazo, haina hata neno moja lililopitishwa mstari katikati. Nimefanya makusudi. Nilifungua programu ya barua pepe, nikaenda kule juu palipoandikwa muundo wa ujumbe, nikachagua maandishi matupu, nikabofya. Nataka barua ikufikie kama ilivyotoka kwangu, pasiwe na kitu cha kudondoka njiani. Yamo maneno humu ambayo ningependa kuyakoza kwa wekundu na kuyafanya makubwa kama ya bango la dukani. Nimejizuia. Utayasoma yakiwa madogo na meusi, na utajua mwenyewe ni yapi.

Nitasimulia tangu mwanzo, hata yale unayoyajua. Nimechoka kusikia kutoka kwa Dada jinsi wewe unavyoyasimulia.

Yote yalianza na mikono miwili ya kushoto. Mama alipewa kazi ya kushona sare za walinzi, yale mashati ya rangi ya majivu yenye vipande vya kitambaa mabegani, na kampuni ya walinzi hao ndiyo inayolinda lango la ofisi yenu. Katika shati moja, Mama alikata mikono yote miwili kwa upande mmoja. Mlinzi mwenyewe alikuwa mpole, akalivaa hivyo hivyo, mkono wa kulia ukiwa umejikunja kwa nyuma kana kwamba anataka kujikuna mgongo. Wenzako wakamcheka getini. Mkurugenzi akauliza ni fundi gani kipofu aliyeshona kile kitu, nawe ukameza mate, maana wewe ndiye uliyeipatia kampuni ile jina la mama yako. Ulimwambia Dada ulitamani ardhi ipasuke. Nakuelewa. Hata mimi ningeona haya. Lakini lilikuwa shati moja, Kaka, na lingefumuliwa mkono mmoja na kukatwa mwingine kabla chai haijapoa.

Sikatai kwamba macho ya Mama yamepungua nguvu. Mimi ndiye ninayepita kwake nikitoka kazini. Namwona anavyotunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa, na anavyoniuliza alama ya chaki iko wapi kwenye kitambaa cheusi, huku akijifanya ananipima akili. Kwa hiyo uliposema tukae tuzungumze juu ya Mama, niliitikia upesi kuliko wote.

Ukasema tusipigiane simu, maana simu zetu huishia kwenye kelele. Tutumie barua pepe moja, izunguke kati yetu watatu, kila mtu aongeze yake. Ukaweka na sheria, kama kawaida yako. Wewe utaandika kwa buluu, Dada kwa zambarau, mimi kwa kijani. Jambo likikataliwa lisifutwe, bali lipitishwe mstari katikati, ili kila mmoja aone ni lipi lililokataliwa na asije akalirudisha baadaye. Dada akacheka akasema tumefanywa wafanyakazi wako. Mimi nikasema hewala, angalau kwa rangi hatutagombana. Na kwa kweli ilipendeza. Niliifungua ile barua kazini, pale mapokezi ya kliniki ya meno, kati ya mgonjwa na mgonjwa, na nikajiona nina ndugu.

Kisha ukaandika aya yako ya buluu. Nainakili hapa neno kwa neno. Uliandika hivi: Mama sasa amezeeka na kazi yake inatuaibisha. Chumba cha ushonaji kifungwe na cherehani itolewe. Aidha, asipokee wateja wapya, na waliopo waelekezwe kwa mafundi wengine. Aidha, asishirikishwe katika uamuzi huu mpaka utakapotekelezwa.

Niliisoma mara kadhaa nikitafuta Mama ni yupi humo. Ni lugha unayowaandikia makarani wanaochelewa kazini. Yule mama aliyekuwa akitupima mabega usingizini ili sare za shule ziwe mshangao wa asubuhi, umemwandikia barua ya kumstaafisha, tena yeye asijue.

Sikukutukana. Nilifuata sheria zako. Niliishika aya yako nzima nikaipitisha mstari katikati, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Chini yake nikaandika kwa kijani kwamba apelekwe kwa daktari wa macho, anunuliwe taa kubwa ya mezani, na atafutwe mtu wa kukata vitambaa, ili yeye abaki kwenye kushona na kusimamia. Dada akaweka zambarau yake fupi: naunga mkono, tena haraka. Nawe ukarudi na buluu yako, neno moja tu, sawa. Nikashukuru. Nikaweka jina langu mwisho kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimekusanya yote, nikakurudishia, maana ulisema wewe ndiye mkubwa na wewe ndiye utakayempelekea Mama. Ulisema utaondoa yaliyokatwa, utampelekea yaliyokubaliwa tu.

Siku iliyofuata nilipita kwa Mama kama kawaida. Nilikuta chumba cha ushonaji kimefungwa kwa kufuli. Mama alikuwa ameketi sebuleni, mikono mapajani. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ameketi bila kitu mikononi. Hakuniita Pilipili kama alivyozoea. Aliniambia karibu, binti, kisha akaniletea chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye kisahani. Nilidhani amefiwa na mtu. Nilipouliza kuna nini, aliinuka akachukua mkasi wake wa kukatia, ule mzito ambao sisi tulikuwa tunachapwa kwa kuutumia kukata karatasi, akiwa ameuviringisha kwenye kipande cha kitambaa cha bafta, akauweka mapajani mwangu. Akasema nimpelekee huyo mtu wa kukata.

Sikuelewa. Akanigeuzia ile kompyuta kuukuu uliyompa ulipobadilisha yako. Na pale, kwa herufi kubwa nyeusi, zote sawa, zote za rangi moja, ilikuwapo barua yetu. Juu kabisa umeandika: Mama, pokea barua ya Pilipili hapa chini. Halafu ikafuata, bila mstari wowote, bila buluu yoyote, Mama sasa amezeeka na kazi yake inatuaibisha. Ikaendelea mpaka cherehani itolewe, mpaka asishirikishwe. Kisha maneno yangu yakaungana na yako kana kwamba ni pumzi moja: apelekwe kwa daktari wa macho, anunuliwe taa, atafutwe mtu wa kukata. Baada ya yako, Kaka, hiyo taa ikawa ya kumfariji mtu aliyenyang'anywa kazi, na huyo mtu wa kukata akawa mrithi wake. Hata zambarau ya Dada ilionekana ni mimi ninayejiunga mkono mwenyewe, tena haraka. Na mwisho kabisa, jina langu.

Nilimwambia Mama kwamba yale hayakuwa maneno yangu. Akaniuliza jina lililo chini ni la nani. Nikaanza kumweleza habari za rangi na mstari. Jaribu siku moja, Kaka, kumweleza mtu mstari ambao haupo. Nilimwonyesha kwa kidole kwenye kioo: hapa palikuwa buluu, hapa palikatwa, kuanzia hapa ni kijani. Yeye akitazama, anaona nyeusi. Alinisikiliza kama alivyokuwa akitusikiliza zamani tukieleza kwamba sukari imeliwa na sisimizi. Nikaondoka na mkasi kwenye pochi.

Nilikupigia, ukasema uko kikaoni. Nilikupigia tena, ukatuma ujumbe kwamba ni mambo ya kompyuta, utaliangalia. Ilibidi Dada ndiye akubane. Ukamweleza kwamba barua zenye mapambo humfikia Mama zikiwa na herufi ndogo mno, na kwa hiyo siku zote ukimwandikia hubadilisha muundo kwanza kuwa maandishi matupu, programu yake izikuze. Hilo ni kweli na nakupa haki yako. Wewe ndiye uliyeligundua, na ni tendo la upendo. Ulisema ulisahau kuondoa yaliyokatwa, na kwamba hukujua kubadilisha muundo kungeufuta na mstari. Ungeishia hapo, ningekuamini.

Lakini unajua nilivyo. Kesho yake pale kliniki nilifungua programu ile ile unayotumia wewe. Nikaandika sentensi moja ya kijani, nikaipitisha mstari, kisha nikachagua maandishi matupu. Kikatokea kisanduku katikati ya kioo. Kilisema kwamba nikiendelea, rangi na mapambo yote ya ujumbe huu yatapotea, na kikaniuliza niendelee au nighairi. Nilipiga meza. Daktari wa meno alichungulia kutoka ndani akidhani nimeangukiwa na kitu, na mgonjwa aliyevimba shavu akahama kiti. Sikujali. Kaka, kompyuta iliuliza. Iliuliza kwa adabu kuliko wengi wetu, na wewe ukajibu endelea.

Dada alipokwambia hilo ukacheka, ukasema nani husoma visanduku. Wewe! Wewe unayewasainisha wafanyakazi kila ukurasa ili wasije wakasema hawakusoma. Nilitukana pale kwenye simu ya Dada, najua ulisikia, na siombi radhi.

Hata hivyo hasira ile ilikuwa ya kawaida, hasira ya ndugu kwa ndugu, ambayo hupoa ikipewa chai. Iliyobaki haikupoa kwa sababu kila siku uliichochea. Nilichokuomba kilikuwa kidogo sana. Umpigie Mama, umwambie sentensi moja, kwamba maneno ya mwanzo ni yako. Ukasema ngoja apoe. Nikakuomba tena, ukasema ukimweleza sasa utamchanganya. Mara ya tatu ukajitia hamnazo kabisa, ukaniuliza habari za bei ya kuziba jino. Dada alikwenda mwenyewe kumweleza Mama ukweli wote, na Mama akamjibu kwamba ni tabia yake tangu utotoni kumkingia kifua mdogo wake.

Huku chumba kimefungwa. Wateja wanabisha hodi na Mama anawajibu dirishani kwamba fundi amestaafu. Nilimpelekea taa, taa nzuri yenye shingo ya kukunja, akaiacha ndani ya boksi lake na kuliwekea gazeti juu. Juzi akaja fundi wa mtaa wa pili kuitazama cherehani. Aliipapasa, akalizungusha gurudumu, akasikiliza mlio wake, akasema hajawahi kuona cherehani ya umri ule inayokwenda laini hivyo. Mama akamwambia aje Jumamosi na mkokoteni. Hakutaka hata kuzungumzia malipo. Alipotoka, Mama alichukua kitambaa akaanza kuifuta mafuta, pole pole, kwenye kila kona, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiangalia na hakuniambia nikae.

Jana uvumilivu uliniishia. Nilikwenda na ule mkasi, nikauweka mezani mbele yake. Nilimwambia kwamba nimechoka kuletewa kikombe cha wageni katika nyumba nilimozaliwa. Nilimwambia kwamba mimi sikuyaandika yale maneno, sitayaungama, na kama bado haniamini basi sitapita tena nikitoka kazini, tutaonana kwenye shughuli. Nilisema kwa sauti ambayo majirani walisikia. Nikageuka kuondoka.

Ndipo Mama aliponiambia, "Kaa chini, Pilipili. Najua si yako."

Nilisimama pale pale. Akasema, "Nilijua tangu nilipofika katikati ya barua. Wewe hujaandika aidha hata siku moja tangu ujue kushika kalamu. Kaka yako aliandika aidha hata aliponiomba ruhusa ya kuoa."

Nikakaa. Kisha akanieleza jambo ambalo wewe unalijua na hukumwambia mtu, wala Dada, wala mimi. Mama alisema alikupigia simu siku ile ile barua ilipoingia, kabla mimi sijafika kwake, kabla hajafunga chumba. Alikuuliza kama yale maneno ni ya mdogo wako. Alikuwa anajua jibu. Alikuuliza ili akufungulie mlango. Alitaka tu useme ni yangu, Mama, nilikasirika, nilikosea. Alisema angekutukana kidogo, ungemcheka, yangeisha. Alisikia kiti chako kikilia. Kisha ukasema, "Usimkasirikie, Mama. Bado ana utoto."

Nimeyaandika hayo na nimelazimika kuinuka na kuzunguka chumba. Nimerudi.

Kwa hiyo sahau kisanduku, Kaka. Sahau rangi. Mambo ya muundo wa ujumbe nimekusamehe, na nina aibu kwamba nilipoteza siku nyingi nikigombana na kompyuta. Mama mwenyewe alikuuliza swali rahisi, kwa sauti ya mama yako, na ukanivisha maneno yako mimi kitindamimba, kisha ukajifanya wewe ndiye mwenye huruma. Bado ana utoto. Mimi ndiye ninayemshika mkono akivuka barabara.

Nilimwuliza Mama kwa nini basi aliniadhibu mimi huku akijua. Nilikasirika naye pia, na nilimwambia hivyo, nikamwambia amenitumia kama dodoki la kupangusia machozi yake. Hakukana. Alisema, "Wewe nikikununia, kesho yake utarudi kunigombeza. Yeye akijua kwamba ninajua, ataona haya. Na yule akiona haya, haji tena. Nitamkosa mwanangu."

Nikamwambia basi afungue chumba, maana kama maneno hayakuwa yangu, hana sababu ya kuacha kushona. Alitikisa kichwa. Alisema angekuwa ni mimi niliyesema kazi yake ni aibu, angenicheka usoni na kesho yake angekata suti, maana mimi huropoka na kesho nimesahau. Lakini wewe huropoki. Wewe hupima. Kama mwanawe wa kwanza, yule aliyekuwa tumboni mwake alipojifunza kukanyaga cherehani, amepima akaona kwamba anamwonea aibu, basi hapana haja ya kubishana na vipimo. Hayo aliyasema kwa utulivu kabisa, huku akikunja ile bafta iliyokuwa imefunga mkasi, akiilaza kingo kwa kingo. Hakulia. Nililia mimi, kwa hasira, na yeye akanipa ile bafta nipanguse pua, akasema ndiyo maana alinichagua mimi.

Sasa nifikie jambo ambalo limenifanya niandike na kufuta tangu asubuhi. Kabla sijaondoka, Mama aliniomba nisikwambie. Alinishika mkono akaniapisha. Usijue kwamba anajua, usijue kuhusu ile simu, usijue chochote. Abaki na wewe kama ulivyo, unayempigia Jumapili na kumwuliza amekula nini. Nilimkubalia. Nilimtazama machoni nikasema sawa, Mama, sitamwambia. Na leo nimekaa nimekuandikia yote. Nimemvunjia mama yangu ahadi kabla hata ya kumaliza siku, na nimefanya hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Lawama hiyo ni yangu, sitamtafutia mtu mwingine wa kuibeba.

Nimefanya hivyo kwa sababu Jumamosi mkokoteni utakuja. Cherehani ikitoka nje ya mlango ule hairudi, na Mama hataketi tena nyuma ya kitu chochote. Atakaa sebuleni, mikono mapajani, tukimsifu kwamba anapumzika. Wewe peke yako ndiye unayeweza kulizuia, na si kwa barua. Tafadhali usimwandikie. Usichague muundo wowote, si wenye rangi wala mtupu. Usimpigie. Usimtume wifi na keki. Panda gari, njoo, ingia kwenye kile chumba, usimame mbele yake na goti lako bovu, umwambie kwa mdomo wako kwamba maneno ni yako na kwamba si kweli. Kama ni kweli, kama kwelikweli unamwonea aibu mwanamke yule, basi mwambie hivyo hivyo, mgombane, aje na mkasi akufukuze nao. Nakuhakikishia atashona siku ya pili. Kinachomuua ni kwamba umemhukumu kisha ukajificha nyuma yangu.

Sitakudanganya kwamba nitakupokea vizuri. Nitakufungulia mlango, nitakuamkia, nitakuwekea chai, na utaiona hasira yangu kwenye namna ninavyoiweka. Itachukua muda. Hilo tutalimaliza sisi wawili, mbali na Mama.

Na kama hutakuja, nimeshajua nitakachofanya. Mama si mjinga, siku moja ataniuliza kama nilikwambia. Nitamtazama machoni kwa mara ya pili na nitasema sikukwambia. Sitasema hivyo kwa ajili yako. Nitasema hivyo ili aendelee kuamini kwamba ungekuja, kama ungejua.

Nisalimie wifi, na umwambie asihangaike na kofia za watoto, asinunue za dukani kwanza. Busu kwa wote wawili kutoka kwa shangazi yao. Dada anakusalimu, hajui kwamba nimeandika. Mama hakusema nikusalimie, kwa sababu anaamini hatuzungumzi, lakini jana nilipokuwa natoka aliniuliza kama nimesikia goti lako linaendeleaje.

Mdogo wako,
Pilipili